Joto na Ujazo wa Punje ya Mpunga katika Shinyanga na Geita

Punje ya mpunga hujengwa kwa muda wa mwezi mmoja hivi, tangu asubuhi ua linapofunguka hadi suke linapoinama na kubadilika rangi. Kabla ya mwezi huo mmea hujiandaa: huchipua, hutandaza majani, huweka akiba ya sukari na wanga kwenye mabua. Joto kali likiupata wakati huo, mmea bado una muda wa kujirudi kwa kutoa machipukizi mengine na majani mapya. Likiupata wakati wa kuchanua au wa kujaza punje, muda huo haupo tena. Kinachoharibika siku hizo huonekana baadaye kwenye ungo, kwenye mashine ya kukoboa au kwenye sufuria, na hakuna mbolea wala palizi itakayokirudisha.

Katika Usukuma, eneo lenye Shinyanga na Geita, mpunga hulimwa zaidi kwa mvua. Ardhi ya huko ina mpangilio unaojulikana na kila mkulima: juu vilima vya mawe, chini yake udongo mwepesi wa kichanga uitwao luseni, kisha itogolo wenye tabaka gumu lisilopitisha maji upesi, na mwisho mbuga, udongo mweusi mzito unaopasuka kiangazi. Majaluba huchimbwa hasa kwenye itogolo na pembezoni mwa mbuga, yakizungushiwa matuta ili yakamate maji ya mvua pamoja na yale yanayotiririka kutoka luseni. Mvua huanza Oktoba au Novemba, hulegea au hukatika kwa wiki kadhaa Januari na Februari, hurudi Machi na Aprili, na huisha Mei. Sehemu kubwa ya mpunga huchanua Machi na Aprili, na mavuno huja Mei na Juni. Mbegu inayopendwa ni Supa, kwa sababu ya harufu yake. Mavuno hayo ndiyo yanayokwenda Kahama, Mwanza na kwenye mji wa Geita, ambako kata ya Kalangalala na vitongoji vya machimbo vina walaji wengi wasio na shamba.

Nyanda hizi ziko kati ya mita 1,100 na 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo joto lake si la Ifakara wala la pwani. Miezi ya mvua mchana hufika kwa wastani karibu na nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 18. Septemba na Oktoba ndiyo miezi yenye jua kali zaidi, lakini wakati huo majaluba ni matupu. Mtu akiziangalia takwimu hizo peke yake anaweza kudhani kwamba suala la joto halihusu mpunga wa Usukuma. Angekuwa sahihi kama joto lingekuwa na kizingiti kimoja. Lina vizingiti viwili: cha juu kinachozuia punje kupatikana, na cha chini zaidi kinachoharibu punje iliyokwisha kupatikana. Cha kwanza kiko mbali kiasi na hali ya kawaida ya Shinyanga na Geita. Cha pili kiko jirani.

Kizingiti cha kwanza ni cha kuchanua. Ua la mpunga hufunguka mara moja tu, kwa muda wa saa moja hivi, mara nyingi kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Suke zima huchukua wiki moja hivi kumaliza kuchanua, likianzia juu kushuka chini. Mpunga hujichavusha wenyewe: vifuko vya chavua hupasuka ua linapofunguka, chembe huangukia sehemu ya kike ya ua hilohilo, na kwa muda usiozidi saa moja kwa kawaida mrija wa chavua huwa umelifikia yai. Majaribio ya Satake na Yoshida katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, nchini Ufilipino, yaliyochapishwa mwaka 1978, yalionyesha kwamba joto la zaidi ya nyuzi 35 kwa saa moja tu wakati ua likiwa wazi linatosha kulifanya tasa. Vifuko hushindwa kupasuka vizuri, chembe chache humwagika, na nyingi kati ya hizo hukosa nguvu ya kuota. Ua lililochavushwa kabla ya joto kupanda, hata kama ni saa moja tu kabla, husalimika. Ndiyo sababu masuke mawili yaliyosimama bega kwa bega yanaweza kutofautiana: moja limejaa, jingine lina mapepe matupu.

Mapepe, hata hivyo, yana sababu nyingi, na joto husingiziwa mara kwa mara. Funza wa mabua hukausha suke zima likawa jeupe. Ukame hulizuia suke kutoka lote kwenye ala yake. Baridi nayo huzaa mapepe: katika skimu ya Mwea nchini Kenya, iliyo kwenye mwinuko unaokaribiana na wa Shinyanga, baridi ya usiku ya miezi ya Juni hadi Agosti huharibu chavua wakati inapoundwa, siku kumi hivi kabla ya suke kutoka. Utasa wa joto hutambulika kwa kuwa umetawanyika: maua yaliyofunguka siku ya jua kali ni tasa, yale ya siku ya mawingu yamejaa, katika suke hilohilo.

Tena joto linalohesabiwa hapa ni la suke lenyewe. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa kivulini, ndani ya kisanduku, juu ya nyasi. Suke hukaa juani. Mmea wenye maji ya kutosha hutoa mvuke kupitia matundu ya majani na ya suke, na mvuke huo hupoza. Katika bonde la Riverina nchini Australia, ambako hewa ni kavu na majaluba yana maji ya umwagiliaji, hewa hupita nyuzi 40 bila mpunga kupata utasa mkubwa, kwa kuwa suke hubaki likiwa la baridi kuliko hewa kwa nyuzi kadhaa. Mahali penye hewa nzito ya unyevu isiyo na upepo, suke hushindwa kujipoza na madhara huanza mapema zaidi. Kwa Usukuma funzo la Riverina lina upande wake wa pili: maji yakiisha jalubani, matundu hufungwa, upozaji hukoma, na suke hupata joto kupita hewa inayolizunguka. Siku ya Machi yenye nyuzi 32 kwenye kipimajoto inaweza kuwa siku ya nyuzi 35 kwa mpunga uliosimama juu ya udongo uliopasuka. Kwa hiyo katika kilimo cha mvua si rahisi kutenganisha njaa ya maji na joto. Moja humfungulia mwenzake mlango.

Maua yakikwisha kutungishwa, huanza kazi ndefu ya kujaza. Ganda la punje limekwisha kupata ukubwa wake kabla ya ua kufunguka, na hilo haliongezeki tena. Punje hukua ndani ya chumba kilichokwisha kujengwa. Kwanza hurefuka, ikafikia urefu wake kamili katika wiki ya kwanza, kisha hutanuka kwa upana, na unene huja mwisho, karibu na wiki ya tatu. Chembe hai za sehemu ya wanga, ambayo ndiyo mchele wenyewe, hugawanyika kwa siku tisa au kumi za mwanzo, na baada ya hapo idadi yake haibadiliki. Kuanzia hapo kila chembe hupokea sukari kutoka kwenye majani na mabua na kuigeuza kuwa wanga, ikianzia kiini cha punje kuelekea nje. Ukiibonyeza punje katika siku hizo hutoka maji meupe kama maziwa. Baadaye huwa donge laini. Mwisho hukauka na kuwa kioo.

Joto huharakisha kazi hiyo, na hapo ndipo udanganyifu wake ulipo. Punje iliyo kwenye joto hujaa haraka zaidi katika siku za mwanzo kuliko iliyo kwenye ubaridi, na shamba huonekana kukomaa vizuri. Lakini muda wote wa kujaza hufupishwa, na kasi iliyoongezeka haitoshi kufidia siku zilizopotea. Vimeng'enya vinavyojenga wanga hulegea mapema. Wakati huohuo joto huamsha vimeng'enya vingine, vya jamii ya amilasi, ambavyo kazi yake ya kawaida ni kuuvunja wanga mbegu inapoota. Vikiamka kabla ya wakati, hula kuta za nyumba inayojengwa. Watafiti wa Japani walipoizuia amilasi hiyo isifanye kazi katika punje, kama walivyoeleza mwaka 2012, madhara ya joto yalipungua. Kwa hiyo punje haipungukiwi chakula tu. Pia inapoteza sehemu ya ilichokwisha kuweka.

Matokeo huonekana kwa macho. Chembe za wanga zilizojazwa vizuri hubanana bila nafasi, na mwanga hupita, punje ikawa angavu. Zilizojazwa ovyo huacha vijinafasi vya hewa, mwanga hutawanyika, na sehemu hiyo huwa nyeupe kama chaki. Kwa kuwa ujazo huanzia katikati kwenda nje, mahali weupe ulipo huonyesha ni lini punje ilipata shida. Weupe wa katikati, unaoifanya punje nzima ionekane ya maziwa, hutokana na joto au upungufu wa mwanga katika wiki ya pili hivi baada ya suke kutoka. Weupe wa mgongoni na wa kitako hutokana na joto la siku zinazofuata, kiini kilipokuwa kimekwisha kujaa salama. Punje za chini ya suke, zinazochanua mwisho na kupata chakula mwisho, ndizo huathirika zaidi. Mtu anayeikata punje kwa wembe na kuitazama kwenye mwanga hupata taarifa ambayo gunia halimpi.

Kizingiti cha weupe huo ni cha chini sana ukilinganisha na kile cha utasa. Huko Japani, ambako jambo hili limechunguzwa kwa kina, weupe huongezeka pale wastani wa joto la usiku na mchana unapopita nyuzi 26 au 27 katika siku 20 za kwanza baada ya suke kutoka. Wastani wa Shinyanga katika Machi na Aprili, kwa hesabu ya mchana wa nyuzi 30 na usiku wa 18 au 19, ni kama nyuzi 24. Tofauti ni nyuzi mbili hadi tatu. Mbegu za Japani si za aina ya Supa, na mpunga wa nchi za joto huvumilia zaidi kidogo. Lakini hata nafasi ikiongezwa kwa sababu hiyo, bado ni nyembamba kuliko ile inayoutenganisha mpunga wa Usukuma na utasa wa nyuzi 35. Kipindi kimoja cha wiki mbili cha mvua kukatika, chenye anga wazi na usiku wa uvuguvugu, kinaweza kuimaliza.

Usiku unastahili uzito wake. Mmea hauli usiku; hupumua, na kadiri usiku unavyokuwa wa joto ndivyo unavyochoma zaidi sukari iliyotengenezwa mchana. Shaobing Peng na wenzake wa IRRI walionyesha mwaka 2004 kwamba katika mashamba ya taasisi hiyo mavuno ya msimu wa kiangazi yalishuka kwa asilimia 10 kwa kila nyuzi moja ya ongezeko la joto la usiku, ilhali joto la mchana halikuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Mwinuko wa Usukuma huupa mpunga wake usiku wa baridi, na hiyo ni mali ambayo haitajwi mara nyingi mchele wa Kahama na Shinyanga unaposifiwa.

Japani imekwisha kuona jinsi ubora unavyoanguka bila mavuno kuanguka. Katika kiangazi cha joto kali cha mwaka 2010, na tena mwaka 2023, mkoa wa Niigata, maarufu kwa mbegu ya Koshihikari, ulivuna mpunga ambao sehemu kubwa ilikataliwa daraja la kwanza kwa sababu ya weupe. Mwaka 2023 iliyopata daraja hilo haikufika hata sehemu moja ya kumi ya Koshihikari ya mkoa huo. Magunia yalikuwepo, kilichopotea ni bei. Tanzania haina ukaguzi wa namna hiyo kwenye mpunga wa mkulima mdogo. Mpunga hununuliwa kwa gunia ukiwa bado ndani ya ganda, na hasara ya ubora humwangukia anayekoboa, kisha anayekula.

Kwenye mashine weupe hugeuka chenga. Sehemu yenye chaki ni laini, na punje yenye weupe huvunjika pale inaposuguliwa ili pumba itoke. Mashine ndogo zinazotoa ganda na pumba kwa mkupuo mmoja husugua kwa nguvu na huvunja zaidi. Mashine za kisasa zenye chekeche za madaraja huvunja kidogo, lakini haziwezi kuifanya ngumu punje ambayo shamba halikuimalizia. Sokoni, mchele uliochanganyika na chenga hushuka daraja, na chenga zenyewe huuzwa kwa bei ya chini, zikaishia kwenye uji, vitumbua na chakula cha kuku. Mama lishe anayepikia wachimbaji anajua tofauti hiyo kuliko mtaalamu yeyote, kwa sababu sufuria yake haimfichi kitu: chenga huiva kabla ya punje nzima, na wali hushikana.

Joto hubadili pia wanga wenyewe. Kimeng'enya kinachotengeneza amilosi, sehemu moja ya wanga huo, hudhoofishwa na joto, na amilosi ikipungua wali huwa laini na wenye kunata kuliko ilivyo desturi ya mbegu hiyo. Walaji wa Kanda ya Ziwa, wanaopenda wali unaochambuka, huiona hiyo kuwa kasoro. Sehemu nyingine ya wanga, amilopektini, hupata minyororo mirefu zaidi, na mchele huhitaji moto mwingi kidogo kabla ya kuanza kuiva. Harufu ina habari yake. Harufu ya Supa, kama ya Basmati, hutokana hasa na kampaundi moja inayoruka hewani kwa urahisi, na ubaridi wa siku za kukomaa huihifadhi, ilhali joto huipunguza. Ukame mdogo, kwa upande mwingine, unaweza kuiongeza. Uwanda wa Thung Kula Ronghai huko kaskazini-mashariki mwa Thailand, wenye udongo wa kichanga na chumvi na kilimo cha kutegemea mvua, ndio unaotoa mchele wenye harufu unaosifiwa zaidi nchini humo. Yapo mengi yanayofanana kati ya uwanda huo na itogolo ya Usukuma, na huenda sifa ya Supa wa Shinyanga inatokana kwa sehemu na shida yake.

Si kila chenga ni kazi ya joto la kujaza. Punje iliyokomaa na kukauka shambani, ikilowa kwa umande au mvua ya mwisho na kukauka tena, hupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa nje. Vivyo hivyo mpunga ulioanikwa kwa tabaka jembamba kwenye sakafu ya saruji juani mchana kutwa. Punje za aina hii ni angavu, hazina chaki, lakini hupasuka katikati kwenye mashine, na mkoboaji humlaumu mkulima kwa mbegu mbaya. Tiba yake ni nyepesi kuliko ya weupe: kuvuna unyevu wa punje ukiwa kwenye asilimia 20 hivi bila kungoja suke lote likauke, kuanika juu ya turubai kwa tabaka nene kiasi, kugeuza mara kwa mara, na kufunika saa za jua kali hadi unyevu ufike asilimia 14.

Dhidi ya weupe wenyewe maji ndiyo kinga ya kwanza. Jaluba lenye matuta imara, linaloweza kubakiza maji tangu suke linapotoka hadi wiki tatu baadaye, huupoza mpunga wake bila gharama nyingine. Mahali penye umwagiliaji, maji hayapaswi kukatwa mapema kwa haraka ya kuvuna. Naitrojeni huja baada ya maji. Mpunga wenye njaa ya naitrojeni wakati wa kujaza hupata zaidi weupe wa mgongoni na wa kitako, na majani yake huzeeka kabla ya kazi kwisha. Kiasi kidogo cha urea wakati suke linapoanza kuumbika ndani ya bua husaidia. Kumwaga nyingi kupita kiasi huzaa maua mengi kuliko mmea unavyoweza kulisha, na weupe wa katikati huongezeka. Tarehe ya kupanda huamua mengine: mpunga uliochelewa huchanua mvua inapokatika, ukapata jua la Mei bila maji ya Aprili. Mbegu ya SARO 5, iliyotolewa mwaka 2002, hukomaa mapema kuliko Supa na huweza kuikwepa hatari hiyo, ingawa harufu yake haifiki ya Supa na hudai mbolea.

Wazalishaji wa mbegu duniani wamefanya kazi zaidi kwenye kizingiti cha kwanza. Mbegu ya N22 ya India hutumika kama kipimo cha uvumilivu wakati wa kuchanua. Njia nyingine ni kuihamisha saa ya ua: jeni kutoka mpunga mwitu uitwao Oryza officinalis limewezesha mbegu za kawaida kufunguka mapema asubuhi, kabla ya jua kupanda juu. Mpunga wa asili ya Afrika, Oryza glaberrima, ambao ni mzazi mmoja wa mbegu za NERICA, nao huchanua mapema. Kwa weupe, Japani imepiga hatua kwa mbegu kama Nikomaru. Supa haijapata mrithi wa namna hiyo, yaani mwenye harufu ileile, wali uleule, na punje inayobaki angavu katika joto. Kwa Usukuma hiyo ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko kutafuta mbegu ya kustahimili nyuzi 38.

Makisio ya van Oort na Zwart wa kituo cha AfricaRice, ya mwaka 2018, yanaipa Afrika Mashariki matumaini ambayo Afrika Magharibi haina: kwa kuwa sehemu kubwa ya mpunga wake iko kwenye miinuko, ongezeko la joto linaweza kuyasogeza mashamba ya umwagiliaji kwenye hali inayofaa zaidi, na mavuno kupanda. Hesabu hiyo ni ya tani kwa hekta. Weupe, chenga na harufu havimo ndani yake, na inawezekana kabisa majaluba ya Shinyanga na Geita yakatoa magunia mengi zaidi ya mchele hafifu zaidi. Kuijua hali hiyo hakuhitaji maabara. Kilo moja ya mpunga kutoka kila shamba, ikaushwe kwa namna moja, ikobolewe kwenye mashine moja, kisha punje nzima, chenga na punje zenye chaki zitengwe na kupimwa kila moja peke yake, pamoja na kuandika tarehe ya kuchanua na wiki ambazo mvua ilikatika.